Balansi Yangu Iko Wapi?

Ile risiti ninayo mpaka leo. Imechakaa kwenye mikunjo na wino wa kaboni umefifia ukawa kama moshi, lakini mwandiko wangu bado unasomeka: vyombo vya plastiki, jumla 1,860,000, "paid" 1,500,000, na chini kabisa, kwa haraka ya mtu anayeitwa na wateja watatu kwa pamoja, "balance" 360,000.

Ilikuwa 2011. Nilikuwa nauza kwenye duka la jumla Kikuubo, kile kichochoro cha katikati ya Kampala ambako mwenye gunia kichwani ana haki ya njia kuliko mwenye gari. Bosi alikuwa Mganda, wateja walitoka kila upande, na mimi niliwekwa kaunta kwa sababu moja tu: najua Kiswahili. Wakongo, Wakenya, Watanzania, wote walielekezwa kwangu. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja wa Bukoba aliyekuja karibu kila mwezi kwa basi linalopitia mpaka wa Mutukula kuchukua mabeseni, ndoo na viti. Tulimwita Mama Bukoba, na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza jina lake.

Siku hiyo pesa zilimpungukia. Alikuwa ameshikilia noti zake kwenye kanga, akahesabu mara mbili, zikagoma kwenye milioni moja na nusu. Nikamwambia achukue mzigo, atamalizia safari ijayo. Nikaandika kama tulivyokuwa tukiandika siku zote: "balance".

Kosa lenyewe liko hapo, ingawa kwa macho halionekani. Kwenye kitabu kilekile cha risiti, kurasa tatu nyuma, kulikuwa na "balance" nyingine ya 40,000 ya mteja wa Masaka. Huyo alikuwa ametulipa kwa noti kubwa asubuhi na mapema, droo haina chenji, nikamwandikia arudi jioni achukue pesa yake. Yaani neno moja, mwandiko mmoja, kitabu kimoja. Ile ya Masaka tunadaiwa sisi, hii ya Bukoba tunadai sisi. Mimi sikuona tatizo kwa sababu mimi ndiye niliyeandika zote mbili na kichwa changu kilikumbuka.

Halafu nikafiwa. Nikaenda Soroti kuzika, siku nne.

Siku ya pili akaja kijana wa Mama Bukoba, mtoto wa kaka yake, ametumwa kuchukua bunda la mabeseni lililobaki stoo. Ameshika risiti. Kaunta kulikuwa na mdogo wake bosi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kusimamia wapakuzi wa mizigo. Akaisoma risiti, akaona "balance 360,000", akavuta droo, akahesabu, akampa. Kijana naye akapokea. Amekulia Kyotera, upande wetu wa mpaka, na upande wetu wa mpaka balansi ni pesa unayorudishiwa. Angeshangaa nini?

Niliporudi nikakuta ameandika kwa Kiingereza kwenye daftari: "Mama Bukoba, balance cleared." Nikafurahi. Nikasema moyoni, yule mama mwaminifu kweli, hata mwezi haujaisha kashalipa. Nikaendelea na kazi zangu. Yaani sentensi ya maneno manne, aliyeiandika amemaanisha tumemlipa, mimi niliyeisoma nimeelewa ametulipa, na sote wawili tukalala usingizi mzuri kwa wiki mbili.

Bosi alipofunga hesabu za mwezi, sauti yake ilisikika mpaka kwa wauza kandambili wa mlango wa tatu. "Nyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "pesa yangu iko wapi?" Tukaanza kupekua. 360,000 hazijaingia, na 360,000 nyingine zimetoka. Jumla 720,000. Mshahara wangu ulikuwa 200,000. Piga mwenyewe.

Nikampigia Mama Bukoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za Kampala?"

"Nzuri. Mama, kuna ile balansi ya 360,000..."

"Ee, kijana kanifikishia. Ahsanteni sana. Mwambie bosi wako Mungu amzidishie."

Nikanyamaza kidogo. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Mama, ile ilikuwa balansi yetu."

"Yenu vipi tena, na mmeshaniletea?"

Alieleza kwamba safari ya nyuma mabeseni kadhaa yalimpasukia kwenye basi, alilalamika, na zile pesa zilipofika alidhani bosi amemfidia. "Nikasema, kumbe Waganda wana ubinadamu, nawadai na bado..." Akasita, akajirekebisha: "Nadaiwa, na bado wananipa." Mpaka leo sijaamua kama nilimwamini neno kwa neno. Beseni lililopasuka halina fidia ya laki tatu na ushee. Ila alilipa zote, kwa safari mbili, na mshahara wangu haukuguswa, kwa hiyo sina la kumsema.

Safari ya mwisho alikaa juu ya gunia la kandambili, akaniomba kalamu, akaigeuza risiti. "Mwanangu, hapa nani anamdai nani?" Nikamweleza. Akasema, "Sasa mbona hujaandika hivyo?" Kisha akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule ya msingi na kuishia hapo: ANADAIWA 360,000. "Na yule wa Masaka ungeandika ANADAI. Huku kwetu hata daftari la muuza dagaa limeandikwa hivi."

Nikaitazama hiyo "wa" ya mwisho kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Silabi moja inaonyesha pesa inaelekea wapi. Toka nizaliwe naongea Kiswahili, na sikuwahi kuithamini.

Lazima niseme Kiswahili changu ni cha namna gani, maana Uganda hilo swali huulizwa. Nimezaliwa kambi ya polisi Nsambya. Baba alitoka Soroti, mama Arua, lugha zao haziingiliani hata kidogo, kwa hiyo nyumbani tukaongea lugha ya kazini kwa baba. Tuliishi kwenye uniporti, vile vibanda vya duara vya mabati ambavyo mchana ni tanuri na usiku wa mvua huwezi kumsikia aliye pembeni yako. Kiswahili chetu kilikuwa cha amri na cha soko: njoo, kaa, leta, iko wapi. Ngeli tulizikanyaga bila huruma. Na nje ya kambi ukikiongea watu walikutazama vibaya, kwa sababu Kampala ya wazazi wetu ilikijua Kiswahili kama sauti ya mtu mwenye bunduki, awe askari au mwizi. Mwaka 2005 katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili, mama alicheka akasema basi sasa na sisi ni rasmi.

Katika lugha hiyo ya kambini, balansi ilikuwa chenji, basi. Unatumwa chumvi na kiberiti na noti ya 500, na kabla hujavuka mfereji mama anapiga kelele: "Na balansi urudishe!" Muuza duka naye, kama hana vinoti vidogo, anakupa pipi mbili. Nilichapwa kwa pipi hizo. Nilijaribu kujitetea kwamba hii ndiyo balansi aliyonipa, na mama akaniuliza kama yeye atapanda teksi kwa pipi.

Kwa hiyo nilikuwa na maana moja, na niliishika vizuri. Shida ilianza bibi yangu alipokuja kutoka Arua kutibiwa.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Daktari alikuwa kijana, mpole, Kiingereza chake cha chuo. Bibi alikuwa na Kilugbara chake na Kiswahili cha wazee wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nikawekwa katikati kutafsiri, na nilijiona mtu mkubwa. Daktari akauliza: "Any problem with balance?" Nikamgeukia bibi kwa kujiamini: "Anauliza kama kuna shida ya balansi."

Bibi akaanza kufungua fundo la kitenge chake, pale alipohifadhi pesa. Akatoa karatasi ya malipo. "Mwambie nimelipa pale dirishani. Hawakunirudishia kitu, na mimi sikudai."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari akatutazama wote wawili. Kisha hakuuliza tena, alisimama, akamsimamisha bibi, akamwomba aunganishe miguu na kufumba macho. Mimi sikujua anatafuta nini. Bibi alifumba, na baada ya muda mfupi mwili wake ukaanza kwenda upande mmoja polepole, kama mti unaosukumwa na upepo usiosikika. Daktari akamdaka.

Ndipo nikaelewa, kwa kuona. Kumbe alitaka kujua kama anayumba. Kama ningemuuliza bibi "ukisimama unayumba?" au "unapata kizunguzungu?", angejibu mara moja, maana ndicho kilichomtoa Arua. Daktari alisema shida iko sikioni. Nilidhani ananitania, sikio na kuanguka vinahusiana nini? Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vitatu vya nusu duara vyenye majimaji, na kichwa kikigeuka majimaji hayo huchelewa kidogo nyuma, na ubongo unasoma huko kuchelewa kujua kichwa kinageukia upande gani. Kikiharibika kimoja, dunia inazunguka ingawa umekaa.

Nyumbani bibi alisimulia kwamba hospitali za Kampala hata ukishalipa wanakuuliza tena kama hujadai chenji. Sikumsahihisha. Nilikuwa na aibu zangu.

Sekondari ndiko neno hili liliponiandama hasa. Saa ya kwanza kemia: sawazisha mlinganyo, huku na huku atomi ziwe idadi moja. Saa ya tatu biolojia: mlo kamili. Mwalimu alichora sahani yenye matoke, maharage na dodo (mchicha), na mimi nikawaza sahani ya kambini, posho (ndiyo ugali) na maharage Jumatatu mpaka Jumatatu. Vyote viwili kwa Kiingereza ni "balance". Hapo sikuhangaika sana, niliona ni mambo ya kulingana, nikaendelea.

Lakini mchana tukaingia hesabu za biashara, na mwalimu akachora herufi T kubwa ubaoni. Kushoto pesa zilizoingia, 90,000. Kulia zilizotoka, 65,000. Akauliza, balansi ni ngapi? Wote tukajibu 25,000. Akasema vizuri, tunaiandika wapi? Darasa zima likasema kushoto, maana kushoto ndiko kuna pesa nyingi, na hiyo ndiyo iliyobaki. Akatikisa kichwa. Akaiandika kulia, kwenye upande mdogo, akajumlisha: 90,000 huku, 90,000 huku. Akapiga mistari miwili. Halafu akaichukua ile 25,000 akaishusha chini upande wa kushoto, kuanzia mwezi mpya.

Nilikataa. Kimoyomoyo, lakini nilikataa. Kama "balance" ni kulingana, kama kule kemia, mbona hapa ni ile tofauti inayofanya pande zisilingane? Neno haliwezi kuwa usawa na kukosekana kwa usawa kwa wakati mmoja. Mwalimu alisema kariri. Nikakariri, nikafaulu mtihani, na nikabaki sijaelewa kwa miaka.

Aliyenielewesha ni bucha. Siyo mtu aliyenifundisha, ni mizani yake. Bucha ya karibu na kambi ilikuwa na mizani ya sahani mbili, ile ya kizamani. Unaomba kilo, anaweka jiwe la chuma sahani ya kushoto, anatupa bonge la nyama kulia. Bonge halifiki. Sahani ya chuma inabaki chini. Basi anakata kipande kidogo, labda ini, labda mfupa (kila mama alikuwa akiangalia hapo kwa jicho kali), anakirusha juu ya bonge, na sahani zinapanda na kushuka mpaka zinatulia sawasawa. Siku moja nikiwa nimesimama pale, tayari ni mtu mzima ninayetafsiri nyaraka kwa ujira, nilikiona kile kipande cha mwisho. Kile ndicho balansi! Ni pengo, na ni kinachoziba pengo. Kabla hujakiweka kinaonyesha pungufu, ukishakiweka kinaleta usawa. Mwalimu wetu alikuwa anarusha ini kwenye sahani nyepesi, ila hakutuambia.

Na neno lenyewe limetoka hapohapo. Kilatini "bilanx": "bi" ni mbili, "lanx" ni sahani. Wafanyabiashara wa Italia waliokuwa wakiweka vitabu kwa pande mbili walizifananisha pande hizo na sahani za mizani. Mtawa Luca Pacioli alieleza utaratibu wao katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na T ya ubaoni kwetu ni mjukuu wa utaratibu huo. Kutoka kwenye sahani mbili Waingereza wakatoa deni, salio, utulivu wa mwili, chakula, hata uwiano wa nguvu kati ya mataifa. Sikisemi vibaya, Kiingereza ndivyo kilivyo. Watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford walipolifanyia kazi upya neno "run", kama kitenzi tu, walihesabu maana 645. Balansi bado ni mtoto.

Kiswahili kwa kazi hiyohiyo kimegawa majukumu. Hapa ndipo ninapopata riziki siku hizi, kwa hiyo mnisamehe nikikaa kidogo. Nina kaunta buku ambamo neno hili lina kurasa zake. Iliyobaki kwenye simu au benki ni salio. Wahasibu wa Tanzania wana bakaa kwenye vitabu vyao. Karatasi ya mali na madeni ya kampuni ni mizania. Tofauti kati ya kile nchi inachouza nje na inachonunua nje ni urari wa biashara, na urari ni neno ambalo kambini sikuwahi kulisikia hata siku moja. Nililikuta kwanza kwenye ushairi, urari wa vina na mizani, nikadhani ni aina ya wimbo. Kumbe washairi na wahasibu wanagombania neno moja: mmoja anataka silabi zitoshane, mwingine shilingi.

Salio lilinichekesha zaidi. Mara ya kwanza kuvuka Mutukula niliweka laini ya Tanzania kwenye simu, nikapata ujumbe kuhusu salio langu. Sisi simu zetu zilituzoesha "balance", na pesa za simu zilipoingia Uganda 2009 neno likaota mizizi kabisa. Kwa hiyo salio nilisoma nikaona ndani yake kusali. Nikamuuliza jirani kwenye basi kama hapa simu zinakumbusha watu swala. Alinitazama, akatazama simu, akacheka mpaka akatoa leso. "Ni kilichosalia, dada. Kilichobaki." Na ni kweli kitenzi chenyewe kina nyuso mbili: unaweza kumsalia mtume, na unaweza kusalia na shilingi mia tano. Kwa hiyo tusijifanye Kiswahili hakina maneno yake ya nyuso mbili. Mizani ya bucha, mizani ya malori barabarani, mizani ya shairi, zote ni mizani, na Waganda wakalichukua neno hilohilo wakalifanya "minzaani".

Tofauti ninayoiona mimi, nikiwa na kalamu mkononi, ni kwamba Mwingereza anaweza kuandika "balance" bila kuamua anamaanisha nini, na sentensi ikasimama. Mimi nikikaa kuitafsiri siwezi kusimama mpaka niamue. Kuna barua ilinijia iliyosema mkandarasi atalipwa "the balance" baada ya kukagua "the balance of the works". Ya kwanza ni pesa iliyobaki, ya pili ni kazi iliyobaki. Nyepesi. Lakini ukurasa uliofuata ukasema mkandarasi "shall clear any balance" ndani ya siku thelathini. Balansi ipi? Anayodaiwa au anayodai? Nikampigia mwanasheria aliyeandika. Akasema, "Iko wazi." Nikamwomba anisomee kwa uwazi wake. Akasoma, akanyamaza, akasema atanipigia. Alinipigia kesho yake na sentensi mpya.

Kuna nyingine ya mahakamani: kesi za madai huamuliwa kwa "balance of probabilities", za jinai mpaka shaka yoyote ya maana iondoke. Nikitafsiri kwa watu wa kawaida huwa naacha nomino kabisa. Nasema: hakimu ataangalia upande wa nani una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, hata kama umezidi kidogo tu. Wazee huinamisha kiganja kimoja wenyewe bila kuambiwa. Wameshaiona mizani.

Tangu baraza la mawaziri lilipoidhinisha 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, napata walimu wanaoniuliza Kiswahili cha hili na lile. Mmoja aliniuliza kwa ujumbe: "Balance kwa Kiswahili?" Nikamjibu: ya nani? Akadhani nimemkasirikia. Sikumkasirikia. Ni swali la Mama Bukoba tu, ndilo ninalouliza kabla ya kushika kamusi.

Kule Kikuubo, kwa habari niliyonayo, kitabu cha risiti sasa kina safu mbili, anadai na anadaiwa, kwa Kiswahili, kwenye duka la Mganda. Mdogo wake bosi ndiye aliyezichora. Hajui Kiswahili zaidi ya maneno hayo mawili na "karibu".

Mimi mwenyewe bado sijapona. Wiki iliyopita nimepanda boda kutoka steji ya Kabalagala, begi la karatasi mapajani, mwavuli mkono wa kushoto, nimekaa ubavu kwa sababu ya sketi. Nilikuwa nimeshamlipa yule kijana kabla ya kupanda, noti ya 5,000 kwa safari ya 3,000. Tumefika kwenye mteremko, akageuza kichwa nusu, akapaza sauti juu ya injini:

"Madamu, balansi!"

Nikanyoosha mkono mbele, juu ya bega lake, kiganja wazi. Pikipiki ikaenda kushoto, mwavuli ukaenda kulia. Akakanyaga breki, akateremsha miguu yote miwili, akanigeukia akiwa amekitazama kiganja changu kwa mshangao.

"Madamu, kaa vizuri. Chenji nitakupa tukifika."